Maswali ya Wasomaji: Shokapu ya Nyuma Inakatika, Kosa Liko Wapi?

Barua za safari hii karibu zote zimetoka mkoa wa Tanga, na karibu zote zinauliza habari za shokapu za nyuma za malori. Tumezifupisha, na zilizofanana tumezijibu kwa pamoja.

*Assalam aleykum mafundi. Nina Fuso ya matairi sita, springi za bapa mbele na nyuma. Nabeba machungwa kutoka Muheza kwenda Dar es Salaam, nikirudi napakia bidhaa za dukani. Shokapu ya nyuma kulia ilikatika kwenye jicho la chini. Nikafunga mpya, haikumaliza miezi mitatu, ikakatika palepale. Muuza spea anasema ni barabara, fundi anasema nimeuziwa feki. Nani mkweli? Springi za nyuma niliziongeza bapa mbili kila upande mwaka jana, kwa hiyo kubonyea halibonyei.*
*Dereva, Muheza*

Waaleykum salaam ndugu dereva. Jibu umeliandika mwenyewe, kwenye ile sentensi ya mwisho uliyoitaja kama jambo la kupita.

Tuanze na kazi ya shokapu yenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Shokapu haibebi mzigo. Mzigo unabebwa na springi. Springi ikishabonyea inataka kurudi, ikirudi inapitiliza, inabonyea tena, na lori linabaki linacheza. Shokapu inaikamata ile nguvu ya kucheza: ndani yake pistoni, iliyo kwenye ncha ya fimbo ya chuma iitwayo rodi, inasukuma oili ipite kwenye vitundu vidogo na valvu, nguvu inageuka joto, joto linatoka nje kwa upepo. Ndiyo maana lori likiinama upande mmoja hupaswi kuisingizia shokapu. Tafuta bapa iliyokatika, au pini na bushi za springi.

Sasa, shokapu iliyochoka huwa haikatiki. Inavuja, inalegea, inanyamaza. Shokapu iliyokatika vipande viwili imevutwa kupita urefu wake, au imegongwa kupita ufupi wake, au imepindwa upande. Kwa hiyo swali la feki ni la pili. La kwanza ni: kitu gani kimeivuta?

Chukua futi ya chuma. Lori likiwa tupu, kwenye sakafu ya sawa, pima kutoka katikati ya bolti ya juu ya shokapu hadi katikati ya bolti ya chini. Andika. Lipakie mzigo wako wa kawaida, pima tena. Kisha chukua shokapu mpya ikiwa mkononi, pima urefu wake ikiwa imefungwa kabisa na ikiwa imefunguka kabisa. Namba hizo nne zinakuambia kila kitu.

Mfano wa hesabu. Tuseme shokapu ikifungwa ina milimita 400, ikifunguka 660. Lori tupu, springi za kiwandani, umepima 570. Gurudumu likiingia shimoni ekseli inashuka, na shokapu ina milimita 90 za kufunguka kabla ya kugota. Hapo salama. Bapa mbili zikiongezwa zikalinyanyua lori milimita 60, kipimo kinakuwa 630. Zimebaki milimita 30 tu. Shimo la kawaida linazimaliza hizo, na kuanzia hapo shokapu ndiyo inayoizuia ekseli nzima, difu na matairi manne, isiende chini. Hakuna jicho lililochomelewa linalovumilia hilo kila siku. Litakatika la feki na litakatika la halali, tofauti yao ni wiki chache.

Na angalia: ekseli inashuka zaidi lori likiwa jepesi. Wengi huapa kwamba shokapu imekatika "bila hata mzigo", wakidhani hiyo ni ajabu. Bila mzigo ndipo inapokatika.

Upande wa kufunga nao una mtego wake. Tuseme lori lililopakiwa, kabla ya kuongeza bapa, lilipima 490. Chini ya chesisi kuna mpira wa kugotea, ule unaoipokea ekseli springi ikibonyea sana. Kama kati ya mpira na ekseli kuna milimita 50, na mpira wenyewe unaminyika milimita 20, ekseli itapanda 70 na shokapu itafika 420, bado haijagota. Ikiwa mpira umeng'oka na ulikuwa na kimo cha milimita 70, ekseli itapanda 120, na shokapu itatakiwa iwe 370 wakati mwisho wake ni 400. Itapigwa kama nguzo inavyopigwa nyundo. Chungulia kama mipira hiyo ipo. Kwenye malori mengi ya umri wa Fuso yako utakuta bolti zake tu. (Hesabu hii ni ya shokapu iliyosimama wima. Ikiwa imelala pembe, mwendo wake ni mfupi kidogo kuliko wa ekseli, lakini mtindo wa kupima ni uleule.)

Kisha soma mahali ilipokatika, kabla hujatupa kipande. Jicho lililotoka na tako la shokapu, na tundu likavutika kuwa kama yai, limevutwa. Rodi iliyopinda, au gamba la juu lililobonyea, imegongwa. Ukikuta uso wa mkato nusu una kutu ya zamani na nusu unang'aa, ufa ulianza muda mrefu na ulikuwa unakua taratibu, hivyo mtafute aliyeuanzisha: bushi (mpira wa ndani ya jicho) iliyokwisha, nati iliyolegea, au breketi (kishikio cha shokapu) iliyopinda ikawa inaipinda shokapu upande kila ekseli ikipanda. Kwa kuwa yako inakatika kulia tu, simamisha uzi wa timazi ya fundi mwashi juu ya shokapu zote mbili, ulinganishe kulia na kushoto. Angalia pia yubolti zinazoifunga springi kwenye ekseli, na senta bolti inayopita katikati ya bapa, upande ule. Senta bolti ikikatika ekseli inasogea mbele au nyuma, na shokapu inakaa mshazari bila mtu kujua.

Dawa ni moja kati ya mbili. Ya kwanza, na ndiyo tunayoipenda sisi, ni kurudisha springi kama zilivyokuwa na kubeba kinachobebeka. Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi pacha, na kiwanda kinaweza kuwa kimeiwekea ekseli yako kiwango cha chini ya hapo. Bapa za ziada hazibadilishi namba hiyo: springi imekubali, lakini ekseli, ringi na breki hazijaulizwa. Ya pili ni kutafuta shokapu ndefu inayolingana na kimo kipya. Hapa kuwa mwangalifu, kwa sababu shokapu inayofunguka zaidi kwa kawaida hata ikifungwa ni ndefu zaidi, kwa hiyo pima pande zote mbili. Lenga ibaki angalau milimita 50 za kufunguka lori likiwa tupu, na isiwahi kugota kabla ya mpira wa kugotea.

Njia ya tatu inayopendwa mitaani ni kuchomelea kipande cha bomba chini ya breketi ili shokapu ishuke. Tunakuomba usiifanye. Breketi ikirefuka, nguvu ya kuipinda inaongezeka, na safari nyingine kitakachokatika ni breketi pamoja na kipande cha chesisi.

*Shikamooni. Mimi ni kijana ninayejifunza ufundi kwenye gereji moja Ngamiani. Gari dogo tunalisukuma kona kwa mikono, tunahesabu linavyocheza. Lori halibonyei hata tukipanda watu watatu. Tunaijuaje shokapu iliyokufa kama haivuji?*
*Mwanafunzi wa ufundi, Tanga mjini*

Marahaba kijana. Umeona vyema, kipimo cha kusukuma hakifai kwa lori. Springi zake ni ngumu mno kwa mikono ya watu.

Tumia joto. Shokapu inayofanya kazi lazima ipate moto, kwa sababu kazi yake ni kugeuza mtikisiko kuwa joto. Lori liende kilomita 10 hadi 15 kwenye barabara yenye mikunjo, ile ya vumbi iliyojikunja kama bati. Likisimama tu, bila kuchelewa, gusa kwanza chesisi iliyo karibu ili uujue ubaridi wake, halafu sogeza mgongo wa mkono kwenye mwili wa kila shokapu. Usiikamate kiganja kizima, inaweza kuunguza. Zote zikiwa na joto linalofanana, nzima. Moja ikiwa baridi kama chesisi na mwenzake ana moto, ile ya baridi imekufa, na mwenzake anabeba kazi ya wawili. Zote mbili baridi, zote zimekufa. Ukiwa na bunduki ya kupimia joto, vizuri zaidi. Kipimo hiki kinadanganya kama lori limepita kwenye maji, au kama bomba la moshi liko karibu na shokapu moja.

Kuvuja nako kuna daraja. Ukungu mwembamba wa oili chini kidogo ya sili (mpira unaoizuia oili isitoke pale rodi inapopita), umeshika vumbi, si ugonjwa: rodi ikitoka hutoka na utando wa oili, ndiyo inayolainisha sili. Michirizi iliyoteremka hadi tako la shokapu, imelowa, au tone linaning'inia, hiyo imekwisha. Ila futa kwanza, uendeshe siku moja, uangalie tena, maana oili ya difu na ya sili ya habu hurushwa na matairi ikaangukia shokapu isiyo na hatia.

Bushi zipime kwa mtaimbo. Ingiza ncha kati ya jicho na breketi, sukuma huku na huku. Mpira unyumbuke kidogo, sawa. Ukisikia chuma kinagonga chuma, au unaona jicho linacheza juu ya bolti, bushi haipo tena. Kelele nyingi za "ko-ko-ko" za nyuma ni bushi, na shokapu yenyewe bado nzima.

Tairi nalo ni shahidi. Pitisha kiganja kuzunguka uso wake. Ukihisi mabonde na vilima vinavyofuatana, tairi limekuwa likiruka na kutua, kuruka na kutua. Lakini usihukumu kwa tairi peke yake, kwa sababu gurudumu lisilo na balansi na bearingi iliyolegea huacha alama zinazokaribia kufanana na hizo.

Ukishaifungua, isimamishe wima kama inavyokaa kwenye gari, ifungue na kuifunga hadi mwisho. Upinzani uwe mmoja, bila kuruka. Ikienda kwa ulaini, halafu ikakamata ghafla, ina hewa ndani au oili imepungua. Kufunguka huwa kugumu kuliko kufunga, ndivyo zilivyotengenezwa, usidhani ni kasoro.

*Lori letu linabeba chumvi kutoka mashamba ya pwani, njia ya Horohoro. Shokapu zote mbili za nyuma zimekwisha, lakini nati hazifunguki, kutu imekuwa mwamba. Fundi anataka kupiga gesi. Tuelekezeni hatua.*
*Msimamizi wa malori, Tanga*

Fundi asiwashe gesi. Tunaliweka hili mwanzo ili lisipotee chini ya hatua nyingine. Ndani ya shokapu kuna oili, na nyingi za sasa zina naitrojeni iliyogandamizwa pia. Moto kwenye mwili wake unaweza kuilipua, vipande vikaruka kama risasi. Na mpira wa bushi ukiungua hutoa moshi usiofaa kuvutwa.

Kazi ya nati zenye kutu huanza jana yake. Jioni piga nyuzi zote kwa brashi ya waya hadi uone chuma, zipulizie dawa ya kulegeza kutu, gonga kichwa cha nati kwa nyundo ndogo mara kadhaa ili dawa ipenye. Asubuhi rudia. Nyuzi zilizobaki nje ya nati ndizo zinazoshinda kazi, kwa hiyo ukizisafisha umemaliza nusu.

Lori liwe tupu, mahali pagumu na sawa. Springi za bapa zina faida moja: huhitaji kulinyanyua kama unaweza kuingia chini. Matairi yakibaki chini, lori liko kwenye kimo chake halisi, na hicho ndicho utakachokihitaji wakati wa kukaza. Weka magogo mbele na nyuma ya matairi ya mbele, pande zote mbili. Kama huna budi kunyanyua, fahamu kwamba malori kadhaa ya ukubwa wa kati breki yake ya mkono inashika shafti ya propela, haishiki magurudumu. Nyanyua gurudumu moja tu la nyuma, difu inaliachia lizunguke, na lori linateremka huku breki ya mkono imevutwa. Wamekufa watu kwa jambo hili. Magogo, kisha stendi za chuma chini ya ekseli. Jeki ya chupa peke yake haitoshi, na tofali halimo kabisa katika hesabu.

Legeza nati ya juu na ya chini kidogokidogo kwanza, shokapu ikiwa bado imeshikwa pande zote mbili. Ukitoa moja kabisa, shokapu inaanza kuzunguka na kazi inakuwa ngumu. Tumia boksi la pembe sita, kwa sababu la pembe kumi na mbili linazila kona za nati iliyochakaa. Bolti ya milimita 16 kwa kawaida huchukua boksi la 24, ya milimita 20 huchukua la 30. Urefu wa mpini unapatikana kwa kuchomeka bomba. Kama kuna pini ya kupasua, itoe yote, usiikate ukaiacha ndani.

Nati ikikataa, usiendelee kuipinda hadi stadi, yaani ile bolti ya kwenye breketi inayolibeba jicho, ikatike. Chukua grenda, kata upande mmoja wa nati kwa urefu, simama kabla ya kufikia nyuzi, kisha weka tindo kwenye mkato upige. Nati inapasuka na kuachia. Weka gunia lililoloweshwa juu ya paipu za breki na nyaya kabla ya cheche ya kwanza.

Sasa nati imetoka, lakini jicho haling'oki: bomba dogo la ndani ya bushi limeshikana na stadi kwa kutu. Usipige mwili wa shokapu, utaikunja stadi. Kata mpira kwa kisu kuzunguka, jicho lianguke, libaki bomba peke yake. Lichane kwa grenda kwa urefu, taratibu, hadi limebaki kama karatasi, halafu lifungue kwa tindo.

Safisha stadi uikague. Kucha yako ikikwama kwenye ngazi, yaani pale bushi ilipokuwa ikisaga, stadi imekwisha, na bushi mpya itacheza tangu siku ya kwanza. Chunguza breketi kama ina ufa kwa njia ya kizamani isiyohitaji mashine: ipake mafuta ya taa, subiri dakika chache, ifute ikauke, kisha ipake unga wa chaki. Penye ufa mafuta yatatoka tena, na utaona mstari mweusi juu ya weupe. Stadi iliyofungwa kwa nati badilisha. Iliyochomelewa na ikakatika, badilisha breketi yote, kwa sababu chuma hicho ni kigumu na mchomeleo wa juujuu humeguka pembeni yake.

Shokapu mpya imekaa dukani imelala, na oili yake imechanganyika na hewa au gesi. Isimamishe, rodi juu, ifungue na kuifunga mara nne au tano hadi upinzani uwe sawa mwanzo hadi mwisho. Kwa zile za matabaka mawili, ambazo ndizo nyingi, gamba la vumbi na rodi hukaa juu na tangi la oili chini. Ukiigeuza, valvu ya chini inavuta hewa na shokapu mpya inakuwa laini kama ya zamani. Ikiwa imefungwa kamba ya kuizuia isifunguke, kata kamba baada ya kuifunga juu. Na fundi asiishike rodi kwa plaizi ili isizunguke. Mkwaruzo mmoja kwenye ile kromu unatosha kuichana sili, na shokapu itavuja kabla haijafika Pongwe.

Bushi zichomeke kwa maji ya sabuni. Grisi na oili huufanya mpira uvimbe na kulainika. Rudisha washa zote, hasa ile pana ya nje. Hiyo ndiyo inayolizuia jicho lisichomoke bushi ikichoka, na ndiyo inayopotea kwenye kila gereji tuliyowahi kuiona.

Kukaza kwa mwisho kufanyike lori likiwa limesimama kwa matairi yake. Mpira wa bushi haukuwekwa ili uzunguke juu ya bolti, bali unapindika. Ukikaza ekseli ikiwa inaning'inia, umeukaza ukiwa umeshapindwa, na utakaa umepindwa hivyo siku zote hadi uchanike. Namba ya kukaza ichukuliwe kwenye kitabu cha lori. Kwa mwongozo tu, bolti ya milimita 16 ya daraja la 8.8 inayokaza bomba la chuma la ndani ya bushi huishia karibu nyutoni mita 200. Kama hamna toki renchi, mpini wa nusu mita ukivutwa kwa uzito wa kilo 40 unakupa takriban hiyo. Shokapu zenye ncha ya nyuzi na mito ya mpira juu na chini hazina hesabu hiyo hata kidogo: kaza hadi mto upanuke ulingane na upana wa washa, basi. Nati yenye nailoni isirudiwe.

Baada ya kukaza, na si kabla, paka grisi kwenye nyuzi zilizobaki nje. Kwa lori la chumvi, oshani chini kwa maji baridi kila jioni ya siku ya kupakia. Rudini na spana baada ya siku ya kwanza ya kazi, kisha pimeni joto kama tulivyomweleza kijana hapo juu.

*Je, nibadilishe zote mbili au ile moja iliyokatika?*
*Dereva, Korogwe*

Zote mbili za ekseli moja. Mpya na iliyochoka zikikaa pamoja, ile mpya inafanya kazi ya zote mbili. Kama fedha ni ya moja tu, na ya pili imepita kipimo cha joto na cha mkono, funga moja, lakini iwe ya namba na urefu uleule.

*Nilikuwa napanda Lushoto kutoka Mombo na saruji, nikashuke na mbao. Shokapu ya nyuma ikaachia juu, ikawa inaburuta. Tuliifunga kwa waya tukaendelea. Tulikosea?*
*Tandiboi, Soni*

Kuendelea mnaweza, kuifunga kwa waya mlikosea. Ekseli inapanda na kushuka, na kipande kilichofungwa kinatafuta cha kusugua. Mara nyingi kinakuta paipu ya breki. Ifungueni upande wa pili muiweke ndani ya gari, kisha kagueni paipu zote za breki na nyaya za upande ule kabla gurudumu halijazunguka.

Njia ya kuteremka ndiyo ya kuogopa. Lori lisilo na shokapu tairi lake hupoteza mguso na lami kwa vipindi vifupi, na tairi lililo hewani halifungi breki. Linagongwa na breki likiwa hewani, linasimama kuzunguka, linatua limeburuta. Kwenye zile kona za Mombo hilo latosha kulipeleka lori pabaya. Teremka kwa gia ya chini tangu juu, injini ikushikie, breki ziguswe mara chache na kwa upole. Lori tupu linarukaruka kuliko lililopakiwa, kwa hiyo msijidanganye kwamba mmeshashusha mzigo.

*Tela letu la kontena linaingia bandari ya Tanga. Ni la mipira ya hewa, halina springi za bapa. Hatua ni zilezile?*
*Mmiliki, Chumbageni*

Kufungua na kukaza ni kulekule, lakini hatari ni nyingine. Kwenye tela nyingi za hewa, shokapu ndiyo pia kamba inayoizuia ekseli isishuke mno. Ukiitoa kisha ukainua chesisi kwa jeki, ekseli inaning'inia kwenye mpira wa hewa, na mpira unang'oka kwenye kikombe chake au unachanika. Kwa hiyo usinyanyue chesisi shokapu ikiwa imetoka. Toa hewa kwenye mipira, na kabla ya kutoa weka stendi chini ya chesisi, maana chesisi itashuka na haitakupigia hodi. Ile fimbo ya valvu ya kimo usiiguse. Ukiipinda hata kidogo, tela litakaa juu au chini ya kimo chake, na hapo shokapu mpya zinaanza kukatika kwa sababu ileile ya ndugu yetu wa machungwa. Tela likikatika shokapu mara mbili, pima kimo kabla ya kununua ya tatu.

*Mimi ni mama mwenye lori moja. Fundi anasema shokapu mpya ni ghali, atatoboa za zamani ajaze oili, achomelee. Au ninunue za mtumba. Nifanyeje?*
*Mama mwenye lori, Pangani*

Mama, la kutoboa likatae. Valvu za ndani zimepimwa kwa oili nyepesi maalumu, na mafundi wengi hujaza oili ya injini, ambayo ni nzito: shokapu inakuwa ngumu asubuhi, ikipata moto inalegea. Joto la kuchomelea linaiua sili, na sili ndiyo iliyokuwa mbovu toka mwanzo, kwa hiyo oili mpya itatoka palepale ilipotoka ya zamani. Zenye gesi ya shinikizo kubwa kuzitoboa ni hatari kwa anayetoboa.

Za mtumba zinafaa ukizichagua mwenyewe mkononi. Rodi ing'ae, bila vidoa vya kutu wala mkwaruzo, kwa sababu kidoa kimoja kinakata sili. Mwili usiwe na bonyeo, maana pistoni inapita ndani yake. Mwambie muuzaji aisimamishe, aifungue na kuifunga mbele yako mara tano: isiruke, isilie, isivuje. Macho yote mawili yawe duara. Nenda na ile ya zamani na futi, mlinganishe urefu ikiwa imefungwa na ikiwa imefunguka, upana wa jicho na unene wa bolti. Akikataa kuijaribu mbele yako, beba ya zamani yako uende duka la pili.